Jirani Anasema Ua Wetu Umeingia Kwake Futi Tano

"Wakili, salamu. Niko Nyeri, kwenye shamba la ekari mbili alilotuachia baba. Mpaka wa upande wa juu una ua wa kayaba ambao baba aliupanda mwaka 1974, pale pale palipokuwa na itoka za babu, yale maua yanayopandwa kuonyesha mpaka. Mwaka 2019 shamba la jirani liligawanywa na kuuzwa vipande, na mwaka jana kipande kinachopakana nasi kikapata mwenyewe mpya. Amekuja na saveya wake, wakapima, wakasema ua wetu umeingia kwake futi tano. Wiki mbili zilizopita vijana wake walikata kama hatua kumi za ua na kupigilia vigingi. Anataka kujenga ukuta wa mawe na anasema sheria inanitaka nilipe nusu. Chifu alituita akaniambia nikubali yaishe. Tena kuna mikaratusi upande wake ambayo matawi yake yamefunika mahindi yangu. Hati bado ina jina la baba. Je, nilipe? Niende mahakamani? Nimesikia kwamba mtu akikaa miaka kumi na miwili ardhi inakuwa yake."

Pole, dada. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ninavyokuelewa, futi tano zenyewe si kubwa. Kinachokukosesha usingizi ni kwamba ukinyamaza, siku moja utaamka ukute ukuta umesimama, halafu wewe ndiye utakayekuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba palikuwa na ua. Hofu hiyo ina msingi. Nianze basi na majibu mafupi. Usilipe nusu ya ukuta. Usipande kitu pale palipokatwa kabla hujapiga picha. Na kesi ya mpaka usiifungue kwa sasa, kwa sababu mahakama haitaisikiliza. Sababu zake ni ndefu kidogo, nivumilie.

Toa hati ya baba uisome vizuri. Mahali palipoandikwa ukubwa wa shamba, utakuta neno la Kiingereza lenye maana ya "takriban". Ekari mbili ni kama hekta 0.81, na hati haisemi hekta 0.81, inasema takriban hekta 0.81. Watu wengi huliruka neno hilo, ilhali ndilo linalobeba kesi yako yote.

Limetoka wapi? Katika miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilianza kuunganisha mashamba ya huko kwenu na Kiambu, chini ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Aliyekuwa na vipande vitano vilivyotawanyika huku na huku alipewa kimoja chenye ukubwa unaolingana. Kupima kila shamba kwa vyombo vya mpima ardhi kungekula miaka na fedha ambazo hawakutaka kuzitumia. Wakatafuta njia ya mkato. Wazee na wasaidizi wa wapimaji waliweka mipaka ardhini, wenye mashamba wakaamriwa wapande ua juu ya mpaka, na ndege ikapangiwa kupiga picha kutoka angani. Ua ukishakomaa huonekana kwenye picha kama uzi mweusi, na mchoraji huufuata uzi huo kwa kalamu. Ndivyo ilivyokusudiwa ramani ya eneo itengenezwe, ile iliyo kwa Msajili wa Ardhi ambayo masaveya huiita RIM. Mahali pengine kazi ilikwenda hivyo, mahali pengine michoro ya awali ya haraka haraka iliendelea kutumika miaka na miaka.

Nataka ulishike hili: ua ndio uliotangulia, ramani ikaunakili. Jirani yako anakuja na nakala na kuiambia asili kwamba imekosea.

Sasa tazama unene wa kalamu. Ramani nyingi za maeneo yenu zilichorwa kwa kipimo cha 1 kwa 2,500, yaani milimita moja kwenye karatasi ni mita mbili na nusu shambani. Mstari wenye unene wa nusu milimita, ambao ni kalamu nyembamba tu, unafunika mita 1.25 za ardhi. Hizo ni futi nne na ushei. Ongeza karatasi iliyonyonya unyevu na kujikunja kwa miaka sitini, ongeza picha ya angani iliyovutika kwenye miteremko, na Nyeri ni miteremko mitupu. Futi tano zenu zinamezwa humo bila mtu yeyote kuiba chochote.

Sitaki kumvunjia heshima saveya wa jirani, sikuwepo alipopima. Lakini nimesimama mashambani mara nyingi nikitazama kazi ya namna hii ikifanywa, na kwa kawaida huwa hivi: anachukua mstari kutoka kwenye ramani, anaugeuza kuwa namba, anaziingiza namba kwenye chombo cha setilaiti chenye usahihi wa sentimita, kisha anatembea mpaka chombo kilie. Chombo ni sahihi kabisa. Tatizo ni kilicholishwa. Ni kama kupima kwa mizani ya sonara unga uliokwisha kukisiwa kwa kiganja.

Sheria yenyewe inalijua hilo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinasema kwamba, isipokuwa rejista imeandika kuwa mpaka umethibitishwa, ramani inaonyesha mpaka kwa makisio tu. Kifungu hicho hicho kinaikataza mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa na Msajili. Ukikimbia mahakamani leo, utalipa ada, utalipa wakili, utahudhuria mara tatu, kisha utaambiwa urudi kwa Msajili. Nimewaona waliopoteza miaka miwili kwa namna hiyo. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

(Msomaji mwingine mwenye ploti Nairobi au Mombasa asiyachukue maneno haya akaenda nayo kwake. Ploti nyingi za mijini, na mashamba ya Pwani yaliyosajiliwa tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, zina michoro ya vipimo na bikoni zenye namba. Huko mpaka ni mstari kati ya bikoni na bikoni, na ua uliopita mstari umepita.)

Kuna jambo katika barua yako umelitaja kwa kupita ambalo naona ndilo chanzo: shamba la jirani liligawanywa mwaka 2019. Shamba linapogawanywa, mpima huchukua ukubwa ulioandikwa kwenye hati ya zamani, ule wa takriban, akaugawa kwa hesabu. Ikiwa shamba zima lilikuwa pungufu kidogo tangu mwanzo, wanunuzi wa kwanza hupata vipande vyao kamili na wa mwisho hubaki na upungufu. Huenda jirani yako si mnyang'anyi. Huenda alilipia nusu ekari, akapima, akakuta haikutimia, na upande pekee alioona anaweza kusogea ni wako. Namwonea huruma. Lakini upungufu huo ni baina yake na aliyemuuzia. Babu yako hakuwa na mkono katika mgawanyo wa mwaka 2019.

Hata hivyo nisikupambe. Kuna hali ambamo jirani atakuwa na haki. Ikiwa shamba lenu nalo liliwahi kugawanywa, mchoro wa mgawanyo ule una vipimo, na vipimo hivyo vinahesabika. Ikiwa kayaba ya mwaka 1974 haikufuata itoka, baba akaipanda mbele kidogo ili ng'ombe wasiguse kahawa, basi ua si mpaka. Wewe unasema ulipandwa pale pale. Nani mwingine anaweza kusema hivyo? Itoka hazikupandwa kimyakimya, zilipandwa majirani na wazee wakishuhudia, na pengine mizizi yake bado imo chini ya kayaba. Usiichimbe peke yako. Iache ionekane mbele ya Msajili.

Kabla ya Msajili, lakini, kuna maneno sita uliyoyaandika mwishoni kama kwamba hayana uzito: hati bado ina jina la baba. Dada, hapo ndipo pa kuanzia. Machoni pa sheria shamba hilo ni mali ya marehemu, na mtu pekee anayeweza kulisemea ni yule aliyepewa barua za usimamizi wa mirathi chini ya Sheria ya Urithi. Msajili anawatambua walio kwenye rejista au wanaosimama mahali pao kwa karatasi. Jirani akiwa na wakili mzuri, pingamizi lake la kwanza halitakuwa la futi tano, atauliza tu: huyu mama ni nani?

Anzeni hiyo kazi mwezi huu. Mtahitaji cheti cha kifo, majina ya warithi wote bila kumficha hata mmoja, na barua ya chifu inayowatambulisha. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi na watu hupewa siku 30 za kupinga. Kugawana shamba kutasubiri barua zithibitishwe, jambo ambalo kwa kawaida huja baada ya miezi sita. Kwa dharura kama yako wakili anaweza kuomba barua za muda, zenye kazi moja tu ya kulinda mali na kusimama kwenye shauri, nazo hutoka mapema zaidi. Kama kuna ndugu aliyenuna kuhusu mirathi, mkae naye kwanza. Jirani akigundua kwamba nyumba imegawanyika atazungumza na yule aliyenuna.

Mkishapata barua, peleka maombi kwa Msajili wa Ardhi wa kaunti ukiomba mpaka uamuliwe. Ambatisha nakala ya hati, matokeo ya upekuzi rasmi wa namba zote mbili za shamba, lako na lake, na nakala ya ramani ya eneo. Omba pia mchoro wa mgawanyo wa mwaka 2019, ndio utakaoonyesha upungufu ulianzia wapi. Msajili atawapa pande zote notisi ya siku ya kuja shambani akiwa na mpima wa serikali wa kaunti. Atasikiliza, atatazama, atapima, ataandika uamuzi. Mnaweza hata kumwomba aende mbele zaidi, apime mpaka na kuuthibitisha kwenye rejista chini ya kifungu cha 19. Hilo lina gharama kubwa zaidi, lakini kuanzia siku hiyo neno "takriban" linaondoka katika upande huo wa shamba na wajukuu zenu hawatanitafuta. Malipo yote yawe ya ofisi na yawe na risiti. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na hapo ndipo mlango wa mahakama unapofunguka. Ukifika huko usikae na karatasi nyumbani, muda wa kupinga ni mfupi.

Siku ya ziara, mtu mmoja anaweza kuwa na thamani kuliko chombo cha saveya: jirani mzee wa upande wa tatu, asiyepata wala kupoteza kitu, anayekumbuka kayaba ikipandwa. Kama yupo na umri umekwenda, mwombe wakili aandike kiapo chake sasa, usingoje tarehe ya ofisi.

Turudi kwenye ua uliokatwa. Hapo huhitaji kusubiri mirathi wala Msajili. Kifungu cha 21 cha sheria ile ile kinasema anayeharibu au kuondoa alama ya mpaka bila idhini ya Msajili ametenda kosa, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi 200,000, au vyote viwili. Ua ni alama ya mpaka. Nenda kituo cha polisi, uandikishe, uondoke na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Piga picha vishina vilivyokatwa, vigingi, na ua uliobaki kila upande, zikionyesha kitu kisichohama kama nyumba au nguzo ya umeme. Na kama kuna picha ya zamani ya arusi au mazishi ambamo kayaba inaonekana nyuma ya watu, ihifadhi kama hati yenyewe. Vigingi vyake usiving'oe. Najua vinakuudhi kila asubuhi ukienda kukama, lakini ukiving'oa mtakuwa wawili mliochukua sheria mkononi, na polisi watawaambia mkaelewane.

Kulipa nusu ya ukuta, huo ni uvumi uliozeeka. Sheria ya Mahakama bado inatufunga na kanuni za mahakama za Uingereza (common law) kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, ndiyo, hadi leo, kadiri zinavyofaa kwa hali yetu. Kanuni hizo hazimlazimishi mwenye ardhi kujenga ua kwa ajili ya jirani, sembuse kuchangia ukuta ambao jirani ameamka akautamani. Kilichopo ni kifungu cha 20: kila mmiliki atunze alama za mpaka wake, na Msajili anaweza kuamua ni nani kati ya majirani atakayetunza ipi. Huenda jirani alisikia hilo likasimuliwa nusu. Wewe unatunza kayaba, wajibu wako umeutimiza. Yeye akitaka ukuta, ajenge wote ndani ya upande wake usiobishaniwa, msingi na yote, kwa pesa zake, baada ya kuuliza ofisi ya mipango ya kaunti kama anahitaji kibali. Hilo mwambie kwa upole, kwa maandishi.

Na chifu? Chifu amekosea, ingawa namwelewa. Zamani kulikuwa na mabaraza ya migogoro ya ardhi chini ya sheria ya mwaka 1990, yakiwa na mamlaka ya kuamua mipaka, na watu wengi bado wanadhani yapo. Yaliondolewa mwaka 2011. Leo chifu na wazee wanaweza kuwapatanisha, na Katiba katika kifungu cha 159 inahimiza upatanisho, lakini upatanisho ni wa hiari. Neno lake la "kubali yaishe" ni ushauri wa mtu aliyechoka na kelele, halikufungi. Usimdharau tu, barua ya mirathi ataiandika yeye.

Miaka kumi na miwili ni kweli, lakini si kama ulivyosikia. Sheria inamzuia mwenye ardhi kuidai baada ya miaka 12 ikiwa mtu mwingine ameikalia waziwazi, mfululizo, bila ruhusa yake. Kubadilika kwa mmiliki hakurudishi saa nyuma, Mahakama ya Rufaa ilishasema hivyo mwaka 1984. Kwa hiyo kununua kwake mwaka jana hakukufuti. Ila haki hiyo haiji yenyewe, ni lazima uiombe katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na ina mtego: ukidai umeipata ardhi kwa kuikalia, unakiri kwamba kwa hati ilikuwa ya mwingine. Hoja yako ya kwanza ni kwamba futi tano hizo ni zenu tangu babu. Ukianza na miaka kumi na miwili, umemkabidhi jirani ushindi kwa mkono wako. Iweke akiba, itumike tu ikiwa Msajili ataamua kwamba mstari uko ndani ya ua wenu.

Nikiwa mahali pako ningejaribu mazungumzo mara moja kabla ya gharama zote hizi, mezani, si mpakani, pakiwa na wazee wawili kila upande. Mnaweza kukubaliana kwamba ua ndio mpaka, mkaandika, mkatia sahihi na kumpelekea Msajili. Lakini kumbuka bado huna mamlaka ya kutia sahihi kwa niaba ya mirathi, makubaliano yasubiri barua. Na mkifikia kuachiana hata futi mbili, hiyo si kurekebisha mpaka tena, ni kuhamisha ardhi. Ardhi ya kilimo haihamishwi bila kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi la kibali linatakiwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Makubaliano mengi ya kiungwana yamekufa kwa kukosa hatua hiyo.

Jambo moja likitokea, acha kila kitu umwone wakili wa ardhi siku hiyo: ukiona mtaro wa msingi unachimbwa. Anaweza kuomba amri ya kusimamisha ujenzi wakati Msajili akifanya kazi yake. Nakwambia ukweli, si kila jaji huitoa, wengine husema kifungu cha 18 kimewafunga mikono. Ndiyo sababu namba ya OB, picha na maombi yaliyokwisha kupokelewa kwa Msajili vinapaswa kuwa tayari kwenye bahasha kabla ya siku hiyo. Kama huna uwezo wa wakili, uliza ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe.

Mikaratusi nimeiacha mwisho kwa kuwa ndiyo nyepesi. Matawi yaliyovuka mpaka unaweza kuyakata hadi usawa wa mpaka, si zaidi, na huhitaji kumwomba ruhusa, ingawa kwa hali ilivyo sasa ningemtumia ujumbe wa simu siku mbili kabla. Palipokatwa ua, ambapo mpaka wenyewe unabishaniwa, usiguse tawi lolote kwa sasa. Usiingie kwake, usitie dawa kwenye shina. Na matawi utakayokata usiyafanye kuni, maana bado ni yake. Yapange kando ya ua aje ayachukue.